Sehemu ya pili ilibaki kwenye kaseti

Mwaka 2006 nilifanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Nilikuwa na boksi lenye kaseti zipatazo 60, nyingi zikiwa za marehemu mjomba wangu, nikaamua kuziokoa. Niliunganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya, nikawa nacheza kanda moja baada ya nyingine, usiku baada ya usiku, nazigeuza mafaili ya MP3, kisha nachoma CD. Juu ya kila CD nilibandika lebo ya karatasi yenye gundi. Lebo ziliponiishia niliandika majina ya nyimbo kwa kalamu ya wino, nikikandamiza ili maandishi yakolee. Kazi ilipokwisha niligawa zaidi ya nusu ya zile kaseti, nyingine nikazitupa. Za nini tena? Muziki wote ulikuwa kwenye CD 20 zilizokaa vizuri ndani ya pochi moja ya zipu.

Kabla miaka kumi haijaisha, CD zile zikaanza kufa. Ya kwanza ilikuwa inakwama kwenye wimbo wa nne. Ya pili mashine iliizungusha, ikaisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua, kisha ikaitema. Nilipoiinua kwenye mwanga wa dirisha nikaona vitundu, vidogo kama vya sindano, na mwanga unapenya. Pale nilipokuwa nimebandua lebo iliyopinda, utando wa fedha ulikuwa umeondoka na gundi.

Ndipo nikaanza kusoma, nikiwa nimechelewa. CD ya kiwandani hugandamizwa: vishimo vidogo sana hubonyezwa kwenye plastiki, juu yake hupakwa alumini nyembamba, halafu vanishi. CD ya kuchoma nyumbani haina vishimo. Ina tabaka la rangi ambalo leza hulibadilisha, na rangi hiyo huchujuka kwa joto na jua kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Na kuna jambo ambalo karibu kila mtu hulielewa kinyume, nikiwemo mimi wakati ule. Upande dhaifu wa CD si ule unaong'aa. Ule umekingwa na plastiki yenye unene wa zaidi ya milimita moja. Upande wa maandishi ndio wenye ngozi nyembamba, na muziki umelala chini yake tu. Kumbe kalamu yangu ilikuwa inachora juu ya muziki wenyewe.

Kaseti chache nilizobakiza, za miaka ya 1980, zilikuwa bado zinapiga. Zilivuma kidogo, sauti za juu zimefifia, lakini zilipiga mwanzo hadi mwisho.

Kosa lingine lilikuwa ndani ya yale mafaili. Ili kuokoa nafasi nilichagua kilobiti 128 kwa sekunde. CD ya kawaida ya muziki hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde, kwa hiyo nilikuwa nimebakiza takriban sehemu moja kati ya kumi na moja. MP3 hutupa kile inachodhani sikio halitakitafuta, na mara nyingi inadhani vizuri. Lakini kanda yenye mvumo inaichanganya: inatumia nguvu nyingi kuhifadhi mvumo, na matoazi yanageuka kitu kama maji yanayochemka kwenye birika. Nilikuwa nimehifadhi hivyo, na kanda nilishazitupa.

Kisha programu za kusikiliza muziki mtandaoni zikaingia kwenye simu, na sitasema uongo, nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa mali iliyoibiwa. Unaandika jina, wimbo unaanza. Nyimbo nilizokuwa nimezililia nilizikuta pale, safi, bila mvumo. Nilisikiliza wanamuziki wa nchi ambazo nisingepata santuri zao hata kama ningezitafuta maisha yangu yote. Kwa miaka kama mitatu sikugusa kaseti. Mtu anayesema utiririshaji haukuleta kitu amesahau jinsi ilivyokuwa kukaa na kidole juu ya kitufe cha kurekodi, ukingoja redio ipige wimbo mmoja, halafu mtangazaji aongee juu yake.

Shaka ilianza na wimbo mmoja. Ulikuwa wimbo wa dansi ambao mjomba aliupenda kuliko yote. Kwenye simu niliupata haraka: mwimbaji ni yule, bendi ni ile, magitaa ni yale yale. Nikakaa kuusubiri uanze kupanda pale ninapopajua. Haukupanda. Kwenye dakika ya nne na ushee sauti ikaanza kupungua polepole, ikaisha, na programu ikanipa wimbo mwingine.

Nikaenda kuitafuta kaseti. Mjomba aliurekodi kutoka kwenye santuri ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika. Santuri hizo, zilizoanza kuuzwa mwaka 1949, kila upande wake hubeba dakika nne au tano tu kwa raha. Bendi iliyokuwa na wimbo mrefu iliukata mara mbili: upande A sehemu ya kwanza, wanaimba, upande B sehemu ya pili, ambapo waimbaji wanapumzika na vyombo vinaachiwa uwanja. Kwenye kanda ya mjomba sehemu ya kwanza inafifia, unasikia mkwaruzo, halafu kimya cha sekunde kama 12. Ndio muda aliotumia kunyanyua sindano, kugeuza santuri na kuishusha tena. Mkwaruzo mwingine, kisha tarumbeta zinaingia. Aliyeupakia wimbo ule mtandaoni alipakia upande mmoja, akaishia hapo. Watu wangapi wanaujua wimbo huo leo na kuamini kwamba wameusikia wote?

Tangu hapo nikawa naangalia kwa makini, na nikaanza kuona vitu. Kuna nyimbo ambazo jina ni lile lile na mwimbaji ni yule yule, lakini zimerekodiwa upya miaka mingi baadaye, kwa sababu haki za rekodi ya kwanza zilibaki kwa kampuni. Mwimbaji amezeeka, ngoma zimekuwa za mashine, na hakuna pahala palipoandikwa hivyo. Kuna nyimbo zilizokatwa utangulizi. Kuna albamu zilizosafishwa upya mpaka kila chombo kikapandishwa sauti sawa na kingine, na ile nafasi kati ya kunong'ona na kupaza ikapotea. Sisemi kila usafishaji ni mbaya, maana nimesikia mwingine uliotoa besi ambayo kaseti haikuwahi kunionyesha. Ninachosema ni kwamba kwenye simu unapewa toleo moja, na hilo moja laweza kubadilishwa usiku umelala bila mtu kukuarifu.

Au kuondolewa. Asubuhi moja nilifungua orodha niliyoijenga kwa miaka, nikakuta nyimbo 11 zimepauka, haziguswi. Mkataba kati ya huduma ile na mwenye haki ulikuwa umekwisha. Nilikuwa nimezipakua, nikadhani ni zangu. Lakini kupakua ndani ya programu si kumiliki. Faili lile limefungwa, linafunguka kwa ufunguo wa programu peke yake, na ukiacha kulipia usajili au mkataba ukivunjika, ufunguo haufungui.

Yaliyonipata mimi ni madogo. Kundi la De La Soul la Marekani lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1989, ikiwa imejaa vipande vilivyochukuliwa kutoka nyimbo za wengine, na mikataba ya wakati ule haikuwazia intaneti. Kazi zao za mwanzo zilikosekana kwenye huduma za mtandaoni mpaka Machi 2023. Mmoja wao, Trugoy, alifariki Februari ya mwaka huo huo, wiki chache kabla. Katika miaka yote hiyo aliyekuwa na santuri, kaseti au CD yao alisikiliza kama kawaida. Na mwaka 2019 MySpace, mtandao wa kijamii uliovuma zamani, ilitangaza kwamba muziki uliopakiwa kwao kwa takriban miaka 12 ya mwanzo umepotea wakati wa kuhamisha seva, nyimbo zinazokadiriwa kufika milioni 50. Wengi wa waliozipakia walikuwa vijana wasio na kampuni, na kwa baadhi yao nakala ile ndiyo ilikuwa pekee.

Nilipoanza kununua tena vitu vya kushika, rafiki zangu walidhani nimeingia kwenye mtindo. Mtindo upo kweli. Marekani mwaka 2022 ziliuzwa santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza santuri kuizidi CD kwa idadi tangu 1987. Lakini hizo takwimu zisimpumbaze mtu: mwaka uliofuata utiririshaji ulileta asilimia 84 ya mapato yote ya muziki uliorekodiwa nchini humo. Santuri haijarudi kuchukua kiti chake. Imerudi kukaa kwenye kiti kingine, na mimi nilihitaji miaka kadhaa kuelewa ni kiti gani.

Si kiti cha sauti bora. Nasema hivi nikiwa naipenda santuri kwa moyo wote. CD iliyotengenezwa vizuri, au faili lisilopunguzwa kitu, huipita kwa vipimo karibu vyote. Santuri ina mipaka iliyoandikwa kwenye umbo lake. LP, ile santuri kubwa ya albamu, huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, haibadiliki, lakini mduara hupungua kadiri sindano inavyoelekea katikati. Kwenye ukingo wa nje mfereji hupita chini ya sindano kwa karibu sentimita 50 kila sekunde, na karibu na lebo hushuka hadi karibu 20. Nafasi ya kuandikia sauti inabanwa, na sauti kali za juu zinaanza kukwaruza. Watayarishaji walilijua hilo, na ndiyo maana kwenye albamu nyingi za zamani wimbo wa mwisho wa kila upande ni mtulivu. Nilisikiliza albamu moja miaka mingi kwenye simu nikijiuliza kwa nini katikati yake kuna wimbo wa polepole unaoua moto wote. Nilipopata santuri yake nilielewa: pale ndipo upande A unakwisha. Unanyanyuka kitini, unaigeuza, na upande B unaanza na ngoma. Ule wimbo wa polepole haukuua kitu. Ulikuwa unakuaga.

Kitu kingine nilichokikuta kwenye jalada ni majina. Mpiga besi, mpiga konga, fundi mitambo, aliyepanga sauti za kuitikia. Nilisoma jalada la tatu ndipo nikagundua kwamba gitaa nililolipenda kwenye albamu tatu za bendi tatu tofauti lilikuwa la mtu mmoja. Nilikuwa nimempenda miaka 15 bila kumjua jina. Huduma za mtandaoni zimeanza kuweka majina haya, lakini kwa kazi za zamani mara nyingi utakuta mwimbaji na mtunzi, basi. Wale wengine wamefutika. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mpiga ala ambaye jina lake halipo popote hawezi hata kudai alikuwepo.

Kuna na suala la fedha. Mwanzoni niliamini kwamba ada yangu ya kila mwezi inakwenda kwa wale ninaowasikiliza. Haiendi hivyo. Kwenye huduma nyingi mapato yote hutiwa kwenye chungu kimoja, kisha hugawanywa kwa kulinganisha idadi ya jumla ya usikilizaji. Hata nikisikiliza bendi moja tu mwezi mzima, sehemu kubwa ya ada yangu huwafuata wale wanaosikilizwa na dunia. Na tangu 2024 Spotify hailipi kabisa ule mgawo wa rekodi, yaani fedha za mwenye rekodi, kwa wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Basi nikihudhuria onyesho na kukuta meza yenye CD za bendi, nanunua, hata kama nimeshausikiliza muziki wote kwenye simu. Mara moja mpiga kinanda mwenyewe ndiye alikuwa anauza. Alinipa CD kwa mikono miwili, akaniambia wimbo wa tano waliurekodi mara moja tu kwa sababu umeme ulikuwa unatishia kukatika. Naufikiria kila ninapousikia: mwisho wake wanaharakisha kidogo, na sasa najua kwa nini.

Siwashauri watu wanunue kila kitu. Mtu aliyejaza rafu kwa santuri ambazo hajawahi kuzifungua karatasi amenunua picha kubwa, na santuri ikiachwa imelazwa chini ya nyingine 30 inapinda. Mimi nina kanuni moja tu: wimbo ambao nikiukosa nitaumia, siuachi ukae mahali pamoja pasipo pangu. Naununua CD ya kiwandani au santuri, nikikosa nanunua faili linaloweza kunakiliwa. Nahifadhi kwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa wa faili bila kutupa chochote cha sauti. Nakala moja ipo kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja iko nyumba nyingine kabisa. Kaseti nazisimamisha wima, mbali na spika kwa sababu ya sumaku zake, na kila mwaka nazichezesha mwanzo hadi mwisho. Kanda inayokaa miaka bila kuguswa ndiyo inayogandana. Mengine yote nasikiliza kwenye simu, kila siku, kwa shukrani.

Mwaka jana redio ilikula ile kaseti ya mjomba. Nilikuwa nimekaa na mpwa wangu wa miaka 16, nataka asikie sehemu ya pili, na tarumbeta zilipoingia tu sauti ikazama kama mtu anayezamishwa kisimani, kisha kimya. Nilifungua mlango wa redio nikakuta utepe umejizungusha kwenye gurudumu la mpira.

"Mjomba, si uitafute tu kwenye simu?" akaniuliza.

"Itafute wewe."

Akaitafuta, akaiweka. Tulisikiliza wote mpaka sauti ilipofifia kwenye dakika ya nne. Akaangalia simu, akaniangalia mimi. "Ndo imeisha?"

"Ya simu imeisha."

Akaenda kuleta bisibisi mwenyewe.

Kaseti ile imefungwa kwa skrubu tano, hiyo ni bahati, maana nyingine zimegundishwa na lazima uzipasue. Ndani hakuna maajabu: magurudumu mawili madogo, vipande viwili vya plastiki laini, na kijisifongo chenye kitambaa kinachousukuma utepe ugusane na hedi, kile kichwa cha redio kinachousoma. Utepe una upana usiofika milimita nne. Tuliuvuta polepole mpaka tukapafikia palipotafunwa. Palikuwa pamekunjamana na kuchanika nusu, kiasi cha sentimita 7. Hapanyoosheki. Ilibidi tukate.

Nikamweleza mpwa wangu hesabu yake. Utepe wa kaseti, tangu Philips walipouonyesha kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1963, hupita mbele ya hedi kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Sentimita 7 ni sekunde moja na nusu. Akasema si nyingi. Nikamwambia fikiria tena, utepe huu una pande mbili. Upande A na upande B vimelala kwenye utepe ule ule, kimoja juu kingine chini, vikielekea pande tofauti. Tukikata hapa kwenye upande B, tunakata na upande A. Akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo mimi nisingeliuliza nikiwa na umri wake: upande A hapo kuna nini?

Kwenye kadi ya kaseti mjomba alikuwa ameandika nyimbo kwa mwandiko wake wa kulala, na dakika za kila mmoja. Tulihesabu kurudi nyuma. Upande A hapo ulikuwa mwisho wa wimbo wa nne. Tukakubaliana.

Tulikata kwa wembe, kwa mshazari ili maungio yasigonge hedi kwa mara moja, tukaunga upande wa mgongoni kwa utepe maalumu wa kuungia. Selotepu ya kawaida haifai, gundi yake huvuja kwa joto na kugandisha mzunguko unaofuata. Mpwa wangu ndiye aliyebonyeza kwa ukucha. Tukarudisha kila kitu, tukakaza skrubu, nikasafisha hedi na gurudumu la mpira kwa pamba yenye spiriti, tukaurudisha utepe kwa penseli. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kucheza nilianzisha kurekodi kwenye kompyuta, safari hii bila kupunguza kitu.

Sehemu ya kwanza. Mkwaruzo. Kimya cha sekunde 12, naye akiangalia saa ya ukutani. Mkwaruzo. Tarumbeta zikaingia, zikaruka hatua moja kama mtu anayekwepa dimbwi, kisha zikaendelea, na nyuma yao gitaa la pili likapanda pale nilipokuwa nangoja lipande tangu siku ile kwenye simu.

Baadaye alichukua kadi, akaandika kwa penseli chini ya mwandiko wa mjomba: "Upande B, wimbo wa 3: sm 7 zimekatwa tarumbeta zinapoingia. Upande A, wimbo wa 4: mwisho unaruka kidogo. Sehemu ya pili ipo."